Sinia la Kumi

Ijumaa saa mbili asubuhi niliingiza mkono kwenye kizimba namba nane, na mbu wakaniuma.

Kwa mtu wa kawaida hiyo si habari. Mbu kazi yake ni kuuma watu. Lakini kwetu Lumbwelo kiwanda kinafuga madume tu, na mbu dume hana mdomo wa kunyonya damu. Anakunywa maji ya sukari, anatafuta mke, anakufa. Tunawapiga miale wasizae, tunawapakia, tunawaachia vijijini. Majike wa porini wanaolewa na waume hewa, mayai hayaanguliwi, malaria inakosa usafiri. Ndiyo kazi yote. Nilimweleza hivyo hivyo mama mkwe wangu, akasema ni dhambi, lakini alielewa.

Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya kupakia, msimamizi wa zamu anavua saa, anakunja shati, anatia mkono kizimbani na kuhesabu mpaka mia mbili. Msimamizi ndiye mimi, Otmar Mbano, diploma ya maabara, umri siwaambii ila magoti yanaujua. Miaka mitatu nimetia mkono na sijawahi kuumwa.

Nilipofika arobaini nikasikia wa kwanza. Sabini, wameshakuwa wanne. Nilipoutoa mkono, ulikuwa na vipele kumi na kimoja vinavimba mbele ya macho yangu.

"Joto hilo," alisema Chilumba, mtunza vizimba, kutoka kule alikosimama.

"Joto linauma kwa foleni?"

"Mzee Mbano, ukitaka kuona vipele utaona vipele."

Nikatia mkono wa kushoto kwenye kizimba namba kumi na tisa. Vipele tisa. Chilumba akageuka akaanza kufunga kamba vizimba ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Vizimba vilikuwa sitini, kila kimoja na mbu elfu hamsini. Gari la kwenda vijiji vya ng'ambo ya mto lilikuwa linaondoka saa tisa alasiri. Na kule ng'ambo, kwa sababu miaka mitatu tumewaambia mbu wetu hawaumi, watu wameshusha vyandarua. Nimeviona kwa macho yangu. Vinafunika mabanda ya vifaranga, na kimoja, kijijini Kitowelo, ni goli la mpira.

Kwenye kishikwambi changu kulikuwa na vitufe viwili tu: RUHUSU na KATAA. Nikakiangalia kile cha kwanza, na mate yakanijaa mdomoni.

Hiyo ilikuwa Hamu.

Kila mtu kiwandani ana punje moja ndogo kama ya mtama, imekaa nyuma ya sikio la kulia chini ya ngozi. Asubuhi unapopita mlangoni mfumo unakupa lengo la siku, na punje inalifanya lengo liwe njaa. Sisemi mfano. Njaa yenyewe, ya tumboni. Kadiri unavyokaribia lengo inatulia, na ukilifikia unashiba: mwili mzima unalegea, kama mtu aliyetoka shamba akakuta ugali na maharage ya nazi vinamsubiri. Lengo langu mimi la wiki lilikuwa vizimba sitini viondoke. Vyote sitini vilikuwa hapa mbele yangu, kama chakula kinachofuka moshi.

Nikaweka kishikwambi mfukoni. Tumbo likajikunja kama limepigwa teke.

*

Ukumbi wa uchambuzi una meza thelathini na nane. Kwenye kila meza kuna lenzi, taa, brashi ya manyoya matatu na sinia la maji lenye mabuu mia tatu, yaani mbu kabla hawajaota mbawa. Chekeche inatangulia kutenga kwa ukubwa, maana jike huwa mnene. Lakini kuna majike wembamba, kama kokote, na hao ni jicho la mtu tu ndilo linawakamata, kwa umbo la mkia. Mashine ya kuchambua ililetwa mara mbili. Mara zote mbili ilishindwa na vumbi la Lumbwelo, na fundi wake alishindwa na pombe ya Lumbwelo.

Zamani ungeusikia ukumbi huu kutoka barabarani. Siku hizi unasikia maji yanadondoka na brashi zinakwaruza. Ukutani kuna ubao wa taa, jina la kila mtu na idadi ya masinia. Saa nne kasoro, wa juu kabisa alikuwa Leokadia Kikoti: masinia ishirini na mawili. Lengo la siku, hamsini.

Leokadia ni Mhehe na mimi ni Mngoni. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakaamua afadhali watukanane, na ndiyo utani mpaka leo. Mtani wako anaweza kukunyang'anya sahani ukiwa unatafuna. Anaweza kuja kwenye msiba wako akalala kwenye kitanda cha marehemu akadai chai. Na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unalipa kuku, na aibu juu yake.

Sasa, enzi hizo huyu mama alikuwa hafanyi kazi nusu saa bila kuinuka. Anakuja mezani kwa mtu, anakwapua sinia. "Hebu lete, tuone kazi ya wala panya." Anainama kwenye lenzi. Akipata jike mmoja aliyepita, anamnyanyua kwa ncha ya brashi, anamtembeza ukumbi mzima kama bibi harusi. Na wewe ukipona aibu yako unakwenda kukwapua la kwake, unamwambia aliyelelewa kwa mchuzi wa mbwa hawezi kujua mkia wa mdudu. Walikuwepo na Wapare na Wachaga kwenye kona yao wanafanyiana hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa anaita huo ukaguzi. Ulikuwa ni utani.

Mwaka jana ikaja fomu: taja dakika zinazopotea kwa ugomvi kazini. Wiki hiyo lengo langu lilikuwa kupunguza dakika zilizopotea. Na ili upunguze lazima kwanza uwe nazo. Nikajaza: utani, ugomvi wa maneno, dakika arobaini na mbili kwa siku. Kuanzia Jumatatu yake, mtu akiinuka mezani punje inamchoma. Ndani ya siku tatu utani ukafa, dakika zikawa sifuri, na mimi nikashiba shibe ambayo sijawahi kuishiba tena. Nilisinzia kwenye kiti nikitabasamu.

Nikaenda kwenye rafu ya masinia yaliyokamilika. Nikachukua la Leokadia, la tisa. Nikaliweka chini ya lenzi. Majike kumi na mmoja.

Nikachukua la kumi. Hakuna hata mmoja. Safi kama macho ya mtoto.

La kumi na moja: majike kumi na wanne. La kumi na tisa: tisa. La ishirini: hakuna.

Kamera ya ukaguzi inapiga picha kila sinia la kumi.

Nikajaribu rafu ya mtu mwingine, na ya mwingine. Ilikuwa ukumbi mzima.

Nikaenda mezani kwake. "Mtani," nikasema, "hebu simama kidogo."

Brashi haikusimama. "Uko kwenye muda wangu."

"Sinia la tisa lina majike kumi na mmoja."

"La kumi lina wangapi?"

"Hakuna."

"Basi."

"Leokadia. Nakuuliza kama mtu. Ulikuwa unajua?"

Hapo akainua uso. Uso ule ulikuwa na miaka hamsini na mbili, na macho yenye wekundu wa lenzi, na hakukuwa na hila ndani yake. Ndicho kilichonitisha. "Najua nini? Mimi nachambua. Ninavyochambua la tisa ndivyo ninavyochambua la kumi. Nenda, Mbano. Unanitia njaa."

Hakuwa anadanganya. Hakuna aliyekaa kikao akapanga wizi. Njaa ilikuwa inalipwa kwa idadi, na doa lilikuwa linaonekana kwenye sinia moja kati ya kumi, basi mkono wenyewe, polepole, ukajifunza wapi uwe mwangalifu na wapi upite. Mwenye mkono hakuambiwa.

"Niruhusu nikuonyeshe kwenye lenzi," nikasema, nikanyoosha mkono kuchukua sinia lake.

Akanipiga na brashi kwenye vidole, upande wa mti. Si kwa mchezo. Damu ilitoka.

"Mtani hakasirikiwi," nikamwambia.

"Mimi si mtani wako. Mtani wangu alikuwa na adabu ya kujua mtu anapokula."

Kutoka meza za nyuma mtu akasonya. Halafu mwingine. Sijui kama mmeshawahi kusonywa na watu thelathini na saba ambao hawakuangalii.

*

Ghorofani, Injinia Shembilu, anayesimamia mfumo wa Hamu, alinipokea kwa shikamoo. Ni kijana wa Lushoto, mpole, analipa michango ya misiba bila kukumbushwa. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa shetani.

Nikamwonyesha mikono. Nikamweleza masinia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea kiti.

"Mzee Mbano, unakumbuka kabla ya Hamu tulikuwa tunatoa masinia mangapi kwa mtu?"

"Kumi na nane."

"Kumi na nane. Na ubao wa mlangoni ulikuwa umeandikwa 'Tujitahidi Sote'. Ukimwambia mtu ajitahidi, anajitahidi mpaka anapochoka, halafu anajisifu. Ukimpa namba, na namba iwe ngumu kidogo, anaifuata. Hilo halikuanza na punje. Bibi yangu alikuwa akitupimia ngwe ya kulima kwa kamba, na tulikuwa tunaimaliza, wakati jirani aliyesema 'limeni tu wanangu' shamba lake lilikuwa la nyani. Sisi tumeitia ile kamba ndani ya mtu. Malaria ng'ambo imeshuka kwa tisa kati ya kumi. Hilo si uongo."

"Si uongo. Lakini vizimba vya leo vina majike laki moja."

"Kwa hesabu yako ya mkono."

"Mikono yote miwili, Injinia."

Hakucheka. Akafungua skrini yake, akaigeuza niione. "Ukibonyeza KATAA, mfumo utakuuliza sababu. Ziko mbili. Ya kwanza, ubovu wa uchambuzi. Ukichagua hiyo, laini nzima ya uchambuzi inafungwa mpaka wakaguzi waje kutoka makao makuu, na masinia ya wiki hii yote yanahesabiwa hayakufanyika. Unajua maana yake."

Nilijua. Sisi tunaita kufyekwa. Punje inadai ile shibe yote iliyokupa. Hashimu wa zamu ya pili alifyekwa kazi ya siku tatu tu, kwa masinia yaliyomwagika. Alilala siku tisa ameangalia ukuta. Hakulia, hakuumwa popote. Alikuwa hataki kitu. Mke wake alikuwa anamfunga taya kwa kitambaa ili ameze, na mpaka leo Hashimu akikaa kwenye benchi lazima mtu amwambie ainuke.

"Hao hawatafyekwa siku tatu kama Hashimu," Shembilu akasema. "Ni wiki nzima, watu thelathini na nane. Wengi wana familia zitakazowauguza. Mama Kikoti ana nani?"

Alikuwa ananigusa kidonda na alijua. Mume wa Leokadia alikufa miaka minne iliyopita, na huyu mama alikaa kwenye mkeka mwaka mzima. Nilikwenda kama mtani, nikafanya vituko vyote vya msibani, nikavaa gauni lake, nikaimba. Hakuniona. Aliyemnyanyua kwenye ule mkeka si mimi wala padre. Ilikuwa punje. Siku ya kwanza walimpa lengo la masinia mawili.

"Sababu ya pili?" nikauliza.

"Kosa la msimamizi. Unakiri wewe ndiye uliyeharibu, pengine uliacha chekeche wazi. Vizimba vinaharibiwa, wachambuaji hawaguswi, unafyekwa wewe peke yako." Akaigeuza skrini irudi upande wake. "Sikushauri. Nakwambia kilichopo."

Nitasema ukweli, nilipenda. Nilijiona nimelala kishujaa, watu wanapita na matunda. Nikawa nimeshaanza kuchagua matunda. Halafu nikauliza, "Na Jumatatu?"

"Jumatatu?"

"Kwa vitabu, uchambuzi wao utakuwa hauna doa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo lengo litapanda."

Akaangalia meza. "Sitini."

"Na Ijumaa ijayo atakuja msimamizi mwingine, na yeye ana njaa ya vizimba."

"Pengine tutabadilisha lengo. Nimeshaandika barua, Mzee Mbano, usidhani mimi ni kipofu. Tuwape njaa ya kupata majike badala ya njaa ya masinia. Lakini wenye kuidhinisha ni makao makuu, na makao makuu nao wana punje zao."

"Zao zina njaa ya nini?"

"Ya vizimba."

Nikasimama. Kichwani hoja zilikuwa zinakuja zenyewe, nzuri, zimevaa suti. Laki moja kati ya milioni tatu ni kitu gani. Wale majike wamepigwa miale, pengine watakufa haraka. Watu thelathini na nane unaowajua majina, dhidi ya watu usiowajua. Leokadia. Hamu haikulazimishi kitu, jamani. Inakuletea hoja.

"Hiyo sauti unayoisikia sasa hivi," Shembilu akasema taratibu, "lengo lake nililiandika mimi. Samahani. Nilitaka ujue kabla hujaamua."

"Na hii nyingine inayosema nikatae, aliiandika nani?"

"Hiyo siijui."

Nilishuka ngazi. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nane na dakika kumi.

*

Ningeweza kubonyeza chooni nikatoroka. Lakini unapomnyang'anya mtu chakula, angalau mtazame.

Nikasimama chini ya ubao, nikapiga sinia tupu kwa kijiko. Brashi zikapunguza kasi. Nikawaambia yote: vipele, masinia ya tisa, vyandarua vya Kitowelo, vitufe viwili, sababu mbili. Sikuwa na mzaha hata mmoja, na mimi nimewahi kuchekesha watu kwenye kesi ya ardhi.

"Umemaliza?" aliuliza mwanamke mmoja wa mbele.

"Nimemaliza."

"Basi ruhusu, tuendelee."

"Huko ng'ambo kuna watoto," nikasema.

"Na mimi ninao. Nikilala kama Hashimu, nani atawapikia? Wewe?"

"Alikuwa wapi mwaka mzima huyu," akasema mwanamume kutoka nyuma. "Alikuwa anatia mkono na kula posho. Leo kaumwa yeye ndiyo kagundua malaria."

Hilo lilikuwa kweli, likaniingia.

"Nilikosea," nikasema. "Utani niliuandika mimi kwamba ni ugomvi. Mngekuwa mnakwapuliana masinia, tusingefika hapa."

"Tulishajua kuwa ni wewe," yule wa mbele akasema. "Hatukukusema kwa sababu tulikuwa na kazi."

Leokadia alikuwa ameinuka. Kwa punje inavyochoma mtu akiacha meza, kila hatua aliyopiga ilimkunja uso. Akaja akasimama mbele yangu, akashika mkono wangu wenye kishikwambi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kwa maji.

"Mbano. Wewe uliniona kwenye ule mkeka."

"Nilikuona."

"Hukuniona. Uliona mtu amelala. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nasikia kuku wanalia njaa na najua kabisa kuwa wanalia njaa, na mkono hauendi. Unaelewa? Haikuwa huzuni. Huzuni ningeishukuru." Akaminya kifundo changu cha mkono. "Sasa naamka saa kumi na moja nataka kitu. Ni sinia la wadudu, najua. Sijali. Usinirudishe kule."

"Kuna watu watakufa, Leokadia."

"Wapo wanaokufa. Mimi nilishakufa, na hakuna aliyezuia gari."

Kama mtu ana jibu la hilo aje nalo nyumbani, nitampikia.

Nikabonyeza KATAA.

Skrini ikauliza sababu. Kidole changu kilikuwa juu ya zile mbili, na kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasukumwa kwenye ya pili: uwaokoe, ulale, uletewe matunda. Leokadia alisoma nilichokuwa nakiona, akaelewa, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hiyo ya chini. Tafadhali." Nikamwangalia usoni. Nikabonyeza ya juu.

Nilidhani kutakuwa na kelele. Ubao wa taa ulibadilika tu. Namba zote zikawa sifuri, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anapiga deki. Halafu brashi moja ikaanguka, na nyingine, na nyingine, thelathini na saba, na maji yakawa yanadondoka peke yake. Mtu mmoja alikuwa katikati ya kujifuta jasho na mkono ukabaki pale pale kwenye paji la uso.

Leokadia alikuwa bado amenishika kifundo. Nguvu zilimtoka kidole kimoja baada ya kingine. "Nakuchukia," akasema, na wakati anasema niliona hata hiyo chuki inamponyoka, anajaribu kuishikilia, haishikiki. Akakaa chini sakafuni.

Na mimi nilikuwa nimenyimwa vizimba sitini. Kufyekwa kwangu kulikuja kwa nyuma, kama maji yanavyoingia kwenye viatu. Ile njaa ikaisha, nikafurahi sekunde moja. Halafu nikagundua kuwa hata sauti ile nyingine, ile iliyoniambia nikatae, ilikuwa imenyamaza pia. Sikuona fahari. Sikuona huruma. Nilijua kwamba watoto wa Kitowelo hawataumwa wiki hii, nilijua kama ninavyojua kuwa Jumanne inafuata Jumatatu.

Saa tisa gari liliondoka tupu. Ndugu wa watu walianza kuingia, mmoja mmoja, wanawachukua watu wao kwa kuwashika bega. Wengine walinitemea mate miguuni walipopita. Mwisho tulibaki mimi sakafuni na Leokadia sakafuni.

Sikutaka kumbeba. Nataka hili lieleweke. Hakukuwa na kitu chochote ndani yangu kilichotaka. Nilikaa nikaangalia mguu wangu kwa muda mrefu, nikauambia usimame, ukasimama. Nikauambia mkono.

*

Leo ni siku ya nne. Wakaguzi wamefika, Shembilu anatembea nao na barua yake, sijui mwisho wake. Chilumba alipita kunijulisha kuwa amesema mbele yao kwamba yeye hakuona vipele vyovyote.

Niko kwenye kibanda cha kupikia cha Leokadia, saa tatu asubuhi, jua linaingia kwa mlangoni. Amelala kwenye mkeka upande wa ukuta. Nimekoroga uji wa ulezi, una madonge, maana anayekoroga hajali na anayekunywa hajali. Nimemgeuza, nimemwegemeza kwenye gunia, nimempelekea kijiko mdomoni.

Akautema. Ukaniangukia kifuani, wa moto.

Nikajifuta na kitambaa. Nikajaza kijiko tena.

Akautema tena. Afadhali sasa anatema. Jana ulikuwa unachuruzika tu wenyewe.

"Nani kakutuma?" Ni maneno ya kwanza tangu Ijumaa. Sauti ilikuwa imekauka kama ya kuku mgonjwa.

"Hakuna."

"Shembilu?"

"Hapana."

Akafumba macho, nikadhani amerudi kule. Halafu akayafumbua. "Umepewa vijiko vingapi?"

"Sikupewa."

"Lengo lako. Vijiko vingapi, uondoke."

"Sina, Leokadia. Hata sihesabu."

"Unataka nipone."

Nilijitafuta ndani, kwa haki kabisa, kama mtu anavyopapasa mifukoni. "Hapana," nikasema. "Sitaki chochote. Nimeamka tu nikaja."

Alinitazama. Lilikuwa jicho baya, jicho la mtu anayemkagua mwizi wake asubuhi kituoni, na halikutoka kwangu hata kuku mmoja alipoingia akaanza kudonoa uji uliomwagika. Kijiko kilikuwa bado hewani. Mkono wangu ulikuwa unaanza kuuma.

Akafungua mdomo, akameza, akaendelea kunitazama vile vile.

Nikajaza kingine.